Kulala kwa mkulima: Utalii wa mashambani nchini Italia

Mkazi wa Nairobi anapotamani hewa safi ya mashambani, hupanda matatu hadi kwa wazazi wake, akala, akalala, kisha akarudi mjini na gunia la viazi bila kulipa hata ndururu. Mwenzake wa Italia, ambaye huenda babu yake alihama kijijini bila kuacha hata ekari moja, hulazimika kuinunua raha hiyo kwa mkulima asiyemjua.

Utalii huo huitwa agriturismo. Mkulima humpa mgeni chumba na kiamshakinywa, na mara nyingi chakula cha jioni pia. Asubuhi usitarajie mayai na soseji. Waitaliano, kama wajuavyo wenyeji wa Malindi waliokaa nao miaka mingi, hufungua siku kwa kahawa na kitu kitamu, mathalani keki au mkate wenye jemu.

Lakini starehe hii ilizaliwa na shida. Katika jimbo la Toscana, wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Waliishi katika nyumba ya tajiri, wakalima shamba lake na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Aghalabu ng'ombe wa kulimia walifungwa chini, nayo familia ikaishi ghorofani ikipata joto la mifugo wakati wa baridi kali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vijana walikimbilia kazi za viwandani. Mnamo 1964 serikali ilipiga marufuku mikataba mipya ya nusu kwa nusu. Nyumba nyingi za mawe zikabaki mahame, na magugu yakala mashamba.

Mwaka wa 1965 chama cha Agriturist kikaundwa na wakulima waliotaka kupokea wageni. Miaka 20 baadaye, Desemba 1985, ikapatikana sheria, na hapo ndipo penye ujanja. Anayeruhusiwa kufanya biashara hii ni mkulima peke yake, tena kilimo lazima kibaki kazi yake kuu. Sheria iliyofuata ya mwaka wa 2006 hutazama hasa muda: kazi ya shamba ipite ile ya kuwahudumia wageni. Asiyepokea zaidi ya wageni kumi huhesabiwa kuwa ametimiza sharti hilo.

Naiona kuwa sheria ya busara. Pasipo hiyo, mwenye fedha angenunua nyumba, akatundika jembe ukutani kama pambo na kuiita hoteli yake shamba. Hata hivyo, si rahisi kuifuata. Zabibu huiva Septemba, zeituni huvunwa Oktoba na Novemba, na wageni wanataka kuyaona hayo hayo. Mama aliyeshinda akichuma ndiye huyo huyo atakayepika na kutandika vitanda.

Leo mashamba ya aina hii yamezidi 25,000, na katika baadhi yake zizi la zamani ndilo chumba cha kulia.

Mwanafunzi au familia itakayobahatika kufika huko iulize kwanza ni nini kinachovunwa wiki hiyo, na kama chakula cha jioni kimo katika bei. Wasio na gari waulize pia umbali wa kituo cha basi, kwani mengi ya mashamba haya yako vilimani, mbali na barabara kuu.