UCHAFU ULIO CHINI YA ARDHI

Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na bado yakaleta ugonjwa. Uchafu wa choo na wa jalala huteremka pamoja na mvua, ukasafiri chini ya ardhi bila kuonekana.

Wataalamu wanacho chombo cha kuutafuta bila kuchimba. Mtu mmoja hukibeba begani akitembea. Ndani yake mna nyaya zilizozungushwa kama pete mbili. Pete ya kwanza hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na nguvu hiyo huamsha umeme mdogo udongoni. Pete ya pili hupokea jibu. Maji machafu yana chumvi nyingi, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Penye jibu kubwa hutiwa alama kwenye ramani. Vipo vinavyofika kina cha mita 6 hivi.

Lakini chombo hakioni vijidudu. Tena udongo wa mfinyanzi na mabati huweza kukidanganya. Kwa hiyo ni lazima maji yapimwe.

Wewe huna chombo hicho. Fanya hivi:

1. Chimba kisima upande wa juu, choo kiwe upande wa chini. Kati yao ziwe mita 30 au zaidi.

2. Chemsha maji ya kunywa. Vijidudu vitakufa.

3. Chumvi ya chooni iitwayo naitreti haiondoki kwa kuchemsha. Ni hatari kwa mtoto mchanga. Kama kisima kiko karibu na choo, usimkorogee maziwa kwa maji yake. Mnyonyeshe.