Kiwanja Kichorwe Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Masika yakisha kupita na jua la Juni likianza kukausha njia za vilimani, Karagwe huingia katika majira ya ujenzi. Matanuru ya matofali huwashwa, kahawa huanikwa uani, na mzee mwenye watoto walioko mjini huletewa fedha za bati. Huko Kituntu, kama katika kata nyingine za wilaya hiyo na za wilaya jirani ya Kyerwa iliyomegwa humo mwaka 2012, sauti ya sururu husikika tangu alfajiri. Jambo hili latufurahisha. Mwananchi anayeacha nyumba ya udongo na kuingia katika nyumba ya tofali la kuchoma hana haja ya kuhubiriwa habari za maendeleo, maana ameyashika kwa mikono yake.

Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu huulizwa wakati kuta zimekwisha kufika kwenye lenta: Je, nyumba hii imekaa wapi? Mwenyewe atakucheka akuambie, si unaiona? Sisi hatuulizi hivyo kwa sababu ya macho kukosa kuona. Twauliza nyumba imekaa meta ngapi kutoka kwenye mpaka wa jirani, meta ngapi kutoka katikati ya barabara, choo kiko upande gani wa kisima, na maji ya mvua yatokayo juu ya kilima yatapita wapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaitwayo ramani ya kiwanja, na ndiyo tunayotaka kuyanena leo.

Watu wengi huchanganya ramani mbili. Ramani ya nyumba huonyesha sebule, vyumba, milango na madirisha. Hiyo watu huipenda, huilipia, na siku hizi wengine huinakili kutoka katika simu. Ramani ya kiwanja ni nyingine. Humo nyumba nzima huwa kisanduku kimoja tu, na kinachoonyeshwa ni mahali pa kisanduku hicho ndani ya ardhi yako na kati ya majirani zako. Haina uzuri wa kuionyesha kwa wageni. Na kwa kuwa haina uzuri, watu huiacha mpaka siku ofisa wa Halmashauri anapoidai pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi, ndipo hutafutwa kijana wa kuichora usiku mmoja, naye huichora pasipo kukanyaga kiwanja chenyewe.

Nasi hatujitoi katika kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita tulitaka kujenga, tukapeleka mchoro wetu katika halmashauri moja ambayo hatuitaji. Ulirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza haukuwa na mshale wa kaskazini. Tukaona ni uchokozi. Mara ya pili haukuwa na majina ya viwanja vya jirani, tukanung'unika. Mara ya tatu bwana afya alituuliza shimo la choo la jirani liko wapi, tukanyamaza, kwa maana hatukujua. Tulirudi kupima. Shimo lile lilikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka mahali tulipokusudia kuchimba kisima! Tangu siku ile tuliacha kumsema vibaya yule bwana afya, ijapokuwa hatujasamehe nauli tulizopoteza.

Basi kazi yenyewe ni ya namna gani? Si kubwa kama watu wanavyoiogopa. Kwanza ni kupima mipaka yote ya kiwanja, si upande mmoja na kukisia ule wa pili. Vijijini kwetu ardhi huuzwa kwa hatua, na hatua ya muuzaji mrefu si hatua ya mnunuzi mfupi. Kwa hiyo itumike futi ya kamba, ile ya meta 30. Kiwanja kikiwa cha mraba mrefu, zipimwe pia kamba mbili za pembe kwa pembe. Zikiwa sawa, na pande zikielekeana kwa urefu, pembe zimenyooka. Mafundi waashi hujua hesabu ya tatu, nne na tano: pima meta 3 upande huu na meta 4 upande ule, na kamba ya kuunganisha ikiwa meta 5 kamili, kona ni sawa. Wengi wetu tulifundishwa jambo hilo ubaoni tukiwa watoto tukalisahau. Fundi ambaye hakumaliza darasa la saba hulitumia kila juma.

Kisha vipimo hupunguzwa ili viingie katika karatasi. Mchoro wa moja kwa mia mbili maana yake ni kwamba sentimeta 1 ya karatasi ni meta 2 za ardhi. Kiwanja cha meta 20 kwa 30 kitakuwa sentimeta 10 kwa 15, kitatosha katika ukurasa wa daftari. Ndani yake ichorwe nyumba na umbali wake kutoka kila mpaka, choo, kisima au tangi la maji ya bati, zizi, njia ya kuingilia, miti mikubwa na makaburi kama yapo. Nje yake yaandikwe majina ya majirani na ya barabara. Kwa nchi yetu ya vilima twaongeza jambo ambalo wachoraji wa mjini hulisahau: mshale wa kuonyesha ardhi inateremkia wapi. Nyumba iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima pasipo mfereji nyuma yake hunywa maji kila masika, na mwenye nyumba ya chini hupokea matope ya mwenye nyumba ya juu. Kadhalika choo kisiwe juu ya mteremko na kisima chini yake. Mabwana afya hushauri umbali usiopungua meta 30 kati ya hivyo viwili. Katika mteremko mkali, kuzidisha hakuna hasara.

Kwa majengo ya ghorofa mambo huzidi hapo, na huko hakuna njia ya mkato. Sharti msanifu na mhandisi waliosajiliwa waingie kazini. Lakini nyumba nyingi za Kituntu si za ghorofa.

Tunajua tutajibiwa kwamba hayo yote ni ya mjini. Ni kweli kwamba Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, yahusu maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango, na kwamba ardhi ya vijiji husimamiwa na Halmashauri za Vijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Lakini mji haumngoji mtu. Tazameni Kayanga, tazameni Omurushaka penye njia panda: wazee wanakumbuka migomba mahali ambapo leo pana maduka. Nyumba iliyojengwa kijijini pasipo mpango hukutwa na mji pale pale ilipo, na mji ukifika hutaka barabara, mabomba na nguzo za umeme, navyo haviwezi kuruka juu ya paa. Hapo ndipo wapimaji huja na rangi nyekundu.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaijua rangi hiyo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa hapo miaka mingi na kusomesha watoto katika nyumba hizo. Hatutaki hapa kuamua nani alikuwa na haki katika kila nyumba. Twasema tu kwamba mtu aliyepima kutoka katikati ya barabara kabla ya kujenga hujua hatari yake mapema, akaamua kwa akili yake. Na kipimo chenyewe hubadilika: Sheria ya Barabara, Na. 13 ya mwaka 2007, iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande. Nayo Sheria ya Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufuko wa bahari, ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Mtu wa pwani ya Bagamoyo, mtu wa ufuko wa Bukoba na mtu wa kando ya mto Kagera wote wamefungwa na kamba hiyo moja.

Hata hivyo, kwa Kituntu jambo lililo zito kuliko barabara ni mpaka wa ndugu na ndugu. Kwetu kibanja si shamba tu. Ndimo ilimo migomba, ndimo yalimo makaburi, na mtu akiuza kibanja cha babaye husemwa mpaka anakufa. Mababu walikuwa na ramani yao, nayo ilikuwa mti: mulamula ulipandwa mpakani, na jina lenyewe latokana na kuamua na kupatanisha. Penye mulamula hapakuwa na maneno. Lakini kibanja kilichotosha baba mmoja leo kimegawiwa wana watano, na wajukuu wanataka kila mmoja nyumba yake. Tuseme ndugu wawili wamerithi kipande kimoja. Mkubwa yuko Mwanza. Mdogo yuko nyumbani. Mdogo anajenga, na kwa kuwa migomba ya upande wake ni mizuri hataki kuikata, anausogeza msingi hatua nne upande wa pili. Mulamula mmoja unang'olewa. Mkubwa anarudi kwa msiba, anaikuta nyumba na bati lake. Nani ataweka mkono juu ya nyumba yenye watoto ndani? Shauri litakwenda katika Baraza la Ardhi la Kijiji, litakwenda katika Baraza la Kata kusuluhishwa, litapanda hadi Baraza la Wilaya, na fedha zitakazotumika zingejenga nyumba ya pili. Tena hao ni watoto wa mama mmoja.

Karatasi moja yenye vipimo, iliyotiwa sahihi na ndugu wote wawili na majirani wa pande nne mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kabla ya mchanga kumwagwa, ingetosha kuyazuia hayo. Hatusemi mulamula uachwe! Upandwe tena, safari hii palipopigwa mambo ya kupimia, na karatasi iseme ulipo.

Liko na jambo la tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Kagera ilitikisika kwa nguvu ya 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa na maelfu ya nyumba yakaharibika, hasa Bukoba na Missenyi. Ramani ya kiwanja haizuii ardhi kutikisika, wala haimfanyi fundi atie saruji aliyoiba. Bali nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na nyumba ndiyo mahali ambapo ukuta huangukia pasipo mtu, na ndiyo njia ambayo waokoaji hupita na majeruhi. Nafasi hiyo haijitokezi yenyewe. Hupatikana kwa kuipanga.

Tukiisha kumwonya mwananchi, si haki kumwacha ofisa akae raha mustarehe. Kwa nini mtu wa Kituntu huikwepa karatasi? Kwa sehemu ni uzembe, hatukatai. Lakini kwa sehemu ni safari ya kwenda Kayanga na kukuta mlango umefungwa, ni ada ambazo hazijulikani mpaka mtu amefika dirishani, ni kuambiwa njoo kesho. Na kwa sehemu ni hofu ya zamani. Wazee wa mkoa huu waliujua mfumo wa nyarubanja, ambamo mtu alilima kibanja kumbe mwenye kibanja ni bwana mwingine, mpaka ulipoanza kuvunjwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mtu aliyelelewa na wazee hao akimwona kijana mwenye darubini ya kupimia anapita migombani, huuliza kwanza: Ni nani aliyekutuma? Swali hilo ni halali, na linastahili jibu kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo twaomba mambo yaliyo katika uwezo wa Halmashauri. Mpima na ofisa mipango watoke ofisini wakae katika kata siku zinazojulikana, hasa kuanzia Juni hadi Agosti watu wanapojenga, badala ya kungoja nyumba zisimame ndipo waje kuzihesabu makosa. Kazi ya Hati za Hakimiliki za Kimila ifungamane na hii, maana aliyekwisha kupimiwa kibanja chake kwa ajili ya hati tayari ana nusu ya ramani ya kiwanja. Vijana waliomaliza vyuo vya ufundi wafundishwe kuchora mchoro mdogo wa namna tuliyoieleza, wapewe kibali cha kuifanya kazi hiyo vijijini kwa bei inayojulikana. Na bei hiyo, pamoja na ada zote za kibali, iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa katika ubao wa ofisi ya kata, mahali ambapo mvua haiifuti, ili mtu atokaye shambani na jembe begani aisome kabla hajauza mbuzi wake.