Mtindi hauumui mkate

"Mwalimu, niweke vijiko vingapi vya mtindi?"

Swali hili hapa Mbeya nimeulizwa Uyole, nimeulizwa Mwanjelwa, nimeulizwa Forest, na wiki iliyopita likanifuata kwa simu kutoka Kihesa, Iringa. Wa Kihesa ndiye aliyenimaliza. Ni mama Msabato, aliacha nyama, maziwa na mayai zamani, na sasa anataka kuoka nyumbani mkate wa chachu usio na hamira ya dukani wala kitu chochote cha mnyama. Papo hapo anataka kipimo cha mtindi. Nikamkumbusha kwamba mtindi ni maziwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Kidogo tu mwalimu, wa kuanzishia."

Hakuna wa kuanzishia. Mkate wa chachu ni unga, maji na chumvi, basi. Ng'ombe tumemwingiza sisi wenyewe.

Wanaoamini mtindi husema kwamba huku kwetu kuna baridi, kwa hiyo chachu haishiki mpaka isukumwe. Nakiri kwamba imani hii inaonekana kweli kwa macho, na kosa lipo katika kuhesabu siku. Unakoroga unga na maji leo. Kesho kutwa rojo limefura, lina mapovu na harufu ya soksi zilizolowa. Unafurahi, unampigia dada yako simu. Lakini waliofurisha rojo hilo ni bakteria wa mwanzo tu, wale wanaowahi kabla hakujachacha. Asidi ikiongezeka wananyamaza. Siku ya nne kimya. Siku ya tano kimya. Mbeya ya Juni na Julai, ambako usiku hushuka chini ya nyuzi 10, kimya hicho kinaweza kuchukua wiki nzima. Hapo ndipo mtu hukata tamaa, akatuma mtoto dukani alete mtindi. Siku mbili baadaye rojo linapanda, na sifa zote anapewa mtindi, ilhali hamira za asili zilizokuja na unga zilikuwa zinaongezeka taratibu muda wote huo. Ni mpiga debe wa stendi ya Kabwe anayedai ujira kwa gari ambalo alilikuta limejaa.

Tuangalie basi mtindi una nini ndani. Wa kiwandani hugandishwa na bakteria wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Hawa hustawi kwenye joto la nyuzi 40 hadi 45, ndiyo maana anayegandisha mtindi nyumbani huizungushia sufuria blanketi. Wamezoea sukari ya maziwa, ambayo kwenye unga haimo. Na hata wakila wakashiba, wanachotoa ni asidi. Gesi ya kuinua donge hawatoi. Watie kwenye rojo la unga, jikoni penye nyuzi 16, halafu uniambie watafanya kazi gani zaidi ya kulala.

Nitaambiwa maziwa mgando ya kijijini ni mengine. Ni kweli, yana viumbe wa aina nyingi, na hamira mle huweza kuwamo. Lakini wale wamechujwa na maziwa, na sisi tunahitaji waliochujwa na unga. Mwaka 1971 watafiti Sugihara na Kline walichapisha uchunguzi wao wa mkate mchachu wa San Francisco: walimkuta bakteria anayetaka moltosi, yaani sukari inayopatikana wanga wa unga unapovunjwa, na pembeni yake hamira isiyoigusa moltosi kabisa. Kila mmoja na sahani yake, wanaishi pamoja bila ugomvi. Ushirika wa namna hiyo hujengwa kwa kulisha unga siku baada ya siku.

Kitu kimoja mtindi hufanya kweli: asidi yake hufupisha ile hatua ya harufu ya soksi. Kijiko kimoja cha maji ya limao siku ya kwanza kinafanya vilevile.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mama huyu wa Kihesa ana ndoo ya togwa jikoni kwake. Anapika uji, anauacha upoe, anatia kimea cha ulezi, anafunika, na kesho yake umechacha. Uji ulikwisha kuchemka, kwa hiyo viumbe hawakutoka kwenye uji; wengi wamekuja na kimea. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha uchunguzi wa togwa mwaka 2003: walikuta bakteria wa asidi, akiwamo Lactobacillus plantarum, na hamira, ikiwamo Saccharomyces cerevisiae, spishi ileile inayouzwa dukani kwa pakiti. Mtu anayejua kuchachusha ulezi bila tone la maziwa ananiuliza mimi habari za mtindi!

Wengine Iringa huuliza kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi. Unaumua, kama tembo la mnazi linavyoumua vitumbua vya pwani, nao hauna mnyama ndani yake. Ila ni wa msimu, na wa leo si sawa na wa jana, kwa hiyo siutumii kufundishia. Hamira ya dukani "kidogo tu" nayo itainua donge, lakini hapo umeoka mkate wa hamira uliochelewa. Na mwinuko msiusingizie: Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, donge linapanda kwa urahisi zaidi kuliko Dar es Salaam. Kinachochelewesha ni baridi.

Haya, kazi. Tafuta ngano isiyokobolewa, ya Makete au Njombe ukiipata, uisage mashineni. Ukikosa, unga wa ulezi unatosha kuanzisha. Gramu 50 za unga, 50 za maji ya vuguvugu, ndani ya chupa ya kioo. Kila siku toa nusu, lisha tena 50 na 50. Chupa ikae ndani ya hotpoti pamoja na kikombe cha maji ya moto, ubadilishe maji asubuhi na jioni. Subiri siku 7 hadi 14, na usiguse mtindi. Chachu ikiongezeka mara mbili ndani ya saa 8 baada ya kulishwa, siku tatu mfululizo, iko tayari. Ukiona kuvu, mwaga yote, usikwangue juu. Unga wenye uvundo usiununue kabisa. Sumukuvu usitegemee kuiondoa kwa kuchachusha wala kuoka.

Mkate: unga wa ngano gramu 500, maji 330, chachu 100, chumvi 10. Ukitaka ladha ya ulezi, badilisha gramu 75 za ngano, usizidishe, maana ulezi haushiki donge. Changanya, pumzisha, kunja mara tatu kila baada ya nusu saa, funika, lala. Wakati wa baridi utakuta umeumuka baada ya saa 12 hadi 14. Usitazame saa, tazama donge. Finyanga, subiri saa 3. Huna oveni? Sufuria nene iliyokwisha kupata moto, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, dakika 45. Usikate ungali wa moto, ndani utakuwa na utelezi nawe utanipigia simu.

Ile nusu unayotoa kila siku, kuanzia wiki ya pili, tia chumvi, kitunguu na maji kidogo upike chapati za maji. Zinashikana bila yai.