Wanaoishi pamoja bila cheti wajihadhari kabla ya kuhamia ng'ambo

KATIKA ploti za mtaa wa Olympic, Kibera, si haba wanaoishi kama mume na mke kwa mtindo wa njoo-tuishi. Mmoja anapopata nafasi ya kuhamia ng'ambo, ndipo cheti huanza kutafutwa.

Canada humtambua mwenzi asiyefunga ndoa, mradi wawili hao wamekaa pamoja mwaka mmoja mfululizo. Uingereza, pale viza inaporuhusu mwenzi, hudai uhusiano wa miaka miwili unaofanana na ndoa. Marekani haina mlango huo. Raia wake anaweza kumwita mchumba, lakini sharti waoane ndani ya siku 90.

Kikwazo ni ushahidi, kwani risiti za kodi na bili ya stima aghalabu huwa kwa jina la mmoja. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo haitoi cheti kwa kukaa pamoja tu. Hata hivyo, waliokamilisha mila za jamii zao wanaweza kusajili ndoa hiyo, utaratibu ulioanza Agosti 2017.

Kosa kubwa zaidi ni kujiandikisha kuwa kapera ili ombi lipite upesi. Canada inaweza kumkataa baadaye mwenzi ambaye hakutajwa tangu mwanzo.