Picha mbili za mahali pamoja humwonyesha mkulima asichokiona kila siku

MTU anayepita njia ile ile kila siku ndiye wa mwisho kujua kwamba njia hiyo imebadilika. Mgeni anayerudi Pangani baada ya miaka kumi huuliza uko wapi mnazi uliokuwa pale ufukweni. Mwenyeji naye hubaki akijiuliza kama kweli palikuwa na mnazi.

Si kwamba mwenyeji hana macho. Mambo mengi katika mwambao wa Tanga hubadilika kidogo kidogo. Bahari hula hatua moja ya ardhi leo na nyingine mwakani. Shamba hupungua rutuba msimu hadi msimu. Mikoko hukatwa mti mmoja mmoja, na kila asubuhi hali huonekana kama ya jana.

Ndiyo maana kamera, ambayo siku hizi imo ndani ya simu ya wakulima na wavuvi wengi, inafaa kuhesabiwa miongoni mwa zana za kazi, pamoja na jembe na mizani. Watu wengi huitumia kwenye harusi na sikukuu. Ni wachache wanaoitumia kupiga mahali pale pale, mara kwa mara, ili walinganishe na kuona tofauti.

Kisiwa kilichobaki mchanga

Mfano mkubwa uko baharini, kilomita chache kutoka mji wa Pangani. Hapo kuna Maziwe, kisiwa kidogo kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975.

Wakati ule Maziwe kilikuwa na mivinje na majani, na kilijulikana kuwa moja ya sehemu muhimu za kutagia kasa katika pwani ya Afrika Mashariki. Aina tatu za kasa zilikuwa zikipanda kutaga mayai katika mchanga wake.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na ardhi yake imeliwa na maji. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe. Maji yakipwa, wageni hushuka kwenye mashua na kutembea juu yake. Maji yakijaa, hasa nyakati za bamvua, fungu lote hufunikwa. Yai la kasa likiachwa pale huoza kwa maji ya chumvi, kwa hiyo wahifadhi wamekuwa wakiyahamishia mayai ufukwe wa Ushongo, bara.

Sababu za kupotea kwa kisiwa hicho zimebishaniwa kwa miaka mingi. Wapo wanaotaja ukataji wa miti, wapo wanaotaja mikondo iliyohamisha mchanga, na wapo wanaotaja kupanda kwa kina cha bahari.

Kama ingekuwapo picha moja kila mwaka, iliyopigwa kutoka sehemu ile ile na maji yakiwa katika kiwango kile kile, ubishi huo ungekuwa mfupi. Ingeonekana kama miti ilianza kuanguka upande wa kusi au wa kaskazi, na kama mchanga uliondoka kabla ya miti au baada yake. Hasara ya kukosa kumbukumbu hiyo ni ya kibiashara pia, maana wenye mashua na nyumba za wageni wa Pangani wanaendelea kutegemea fungu hilo.

Mlima uliopimwa kwa picha

Kulinganisha picha si jambo geni katika ukanda huu. Reli iliyoanzia bandari ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka uliofuata Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda Kilimanjaro na kupiga picha ambazo baadaye zilitumika kuchora ramani ya mlima huo.

Kwa ramani hiyo wataalamu walijua kwamba mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba 11.4. Ilipopimwa tena kwa picha za mwaka 2011, zilibaki kilomita za mraba 1.76. Asilimia 85 ya barafu ilikuwa imekwenda.

Hakuna mkazi wa Moshi ambaye angeweza kutaja kiasi hicho kwa kutazama mlima kutoka dirishani kwake. Kiasi kilijulikana kwa sababu mtu mmoja alipiga picha, mwingine akaitunza, na wa tatu akapiga nyingine.

Mkonge: kilichobadilika na kisichobadilika

Mjini Tanga, Boma ya zamani ya Wajerumani iliyokarabatiwa na asasi ya Urithi ina picha za zamani za mji na mkoa. Anayefuatilia kilimo atavutiwa zaidi na picha za enzi za mkonge.

Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, Marekani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, kuongoza duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000.

Ukiweka picha ya shamba la mkonge la zamani karibu na ya leo, tofauti hujitokeza zenyewe. Reli ndogo za troli zilizobeba majani kwenda kiwandani zimeachia njia matrekta. Makambi yaliyojaa manamba kutoka mikoa ya mbali yamepungua watu. Sehemu zilizokuwa na mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho leo zina vichaka, mahindi au nyumba.

Lakini picha hizo huonyesha pia kisichobadilika, na pengine hilo ndilo la kufikiriwa zaidi. Mkataji bado anainama na kisu mkononi, anakata majani ya chini moja baada ya jingine na kuyafunga mizigo. Kwenye korona nako bado kuna mlima wa makapi ya kijani. Singa ni sehemu ndogo sana ya uzito wa jani, chini ya asilimia 5. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa kwa miongo mingi.

Makapi hayo yamo katika picha za zamani, na kila mtu aliyaona. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kuyatazama kama mali. Mwaka 2008, katika shamba la Hale wilayani Korogwe, kilizinduliwa kituo kilichojengwa kugeuza makapi ya mkonge kuwa biogesi na umeme.

Kwa mkulima mdogo somo ni la karibu zaidi. Tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wamekuwa wakigawiwa vitalu vya mkonge katika mashamba makubwa mkoani Tanga. Mkonge hukaa ardhini miaka kumi na zaidi, na jani la kwanza hukatwa baada ya kama miaka mitatu. Katika muda huo mrefu ni rahisi kusahau kitalu kipi kilipandwa lini na kipi kilichelewa kupaliliwa. Picha yenye tarehe hukumbusha.

Pia husaidia kugundua ugonjwa. Mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, lakini hushambuliwa na madoa ya Korogwe. Madoa hayo huharibu ubora wa singa. Siku ya kwanza ni alama ndogo ambazo jicho hupita juu yake. Picha ya jani, ikilinganishwa na ya miezi miwili iliyopita, huonyesha kama alama zimeongezeka, na mkulima huwa na kitu cha kumwonyesha bwana shamba.

Wakulima wa mwani nao wanaweza kufanya hivyo hivyo. Kamba moja ikipigwa picha kila wiki, ncha zinazopauka na kukatika huonekana mapema, kabla kamba yote haijaharibika.

Chungwa la kijani si bichi

Kuna tofauti nyingine ambazo picha isipotumiwa vizuri huzificha badala ya kuzionyesha. Muheza inajulikana kwa machungwa, na malori huyafuata huko kuyapeleka Dar es Salaam na hata Kenya.

Chungwa la Muheza mara nyingi huiva likiwa na ganda la kijani. Sababu ni hali ya hewa. Ganda hugeuka rangi ya dhahabu pale usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa nyanda za chini za pwani ni wa joto. Utamu wake hauna upungufu wowote.

Mnunuzi wa mbali anayetumiwa picha ya tenga la machungwa ya kijani hudhani ni mabichi, na hapo ndipo mkulima anapopunjwa bei. Dawa yake ni ndogo: chungwa moja likatwe katikati na liwekwe mbele ya mengine kabla ya kupiga picha. Kijani cha nje na manjano ya ndani vikionekana pamoja, maelezo hayahitajiki.

Bandari ya jana na ya leo

Tofauti kubwa kuliko zote katika mji wa Tanga iko bandarini. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, kwa sababu kina cha maji gatini kilikuwa mita 3 tu. Mizigo ilishushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu, kisha kushushwa tena. Kila mzigo ulibebwa mara mbili, na gharama zilipanda.

Kati ya mwaka 2019 na 2023 bandari hiyo ilichimbwa hadi kina cha mita 13 na kujengewa gati la urefu wa mita 450, kwa gharama ya Sh429.1 bilioni. Meli sasa hufunga kamba gatini.

Mwenye picha ya zamani ya meli zikiwa mbali na matishari yakienda na kurudi ana kumbukumbu ambayo haiwezi kupigwa tena. Kwa mfanyabiashara picha hiyo ni hesabu ya gharama iliyoondoka, na inampa haki ya kuuliza kama bei za bidhaa zake nazo zimefuata mkondo huo.

Ushahidi wa mali

Miradi mikubwa huleta pia suala la fidia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini mwa mji wa Tanga. Jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017.

Ardhi inapotwaliwa kwa mradi wowote, mthamini huhesabu majengo, miti na mazao. Mwenye shamba ambaye hana kumbukumbu yake hubaki kutegemea daftari la mwenzake. Aliye na picha za minazi na mikorosho yake, zenye tarehe na zilizopigwa kabla ya tathmini, ana kitu cha kuweka mezani hesabu zikitofautiana. Picha haichukui nafasi ya fomu ya tathmini, lakini huzuia neno la mtu mmoja kupingwa kwa neno la mwingine tu.

Namna ya kupiga

Picha za kulinganisha hazihitaji ufundi wa studio, ila zinataka nidhamu.

Kwanza, chagua mahali pa kusimama pasipohama: jiwe, kona ya ukuta au kigingi kilichopigiliwa. Simama hapo hapo kila mara na uelekeze kamera upande ule ule.

Pili, angalia maji na jua. Mwambao wa Tanga unatazama mashariki, kwa hiyo anayepiga picha ya bahari asubuhi hupambana na jua, na vitu hutoka vyeusi. Alasiri mwanga hutoka nyuma yake. Kwa ufukwe, piga maji yakiwa katika kiwango kile kile. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na picha ya maji makavu ikilinganishwa na ya maji mengi itakuonyesha mmomonyoko ambao haupo.

Tatu, shamba lilinganishwe masika kwa masika na vuli kwa vuli. Mahindi ya Aprili na ya Novemba hayawezi kuulizwa swali moja.

Nne, weka kitu cha kupimia ndani ya picha. Jembe lililosimamishwa kando ya mche linatosha.

Tano, andika tarehe na mahali, kisha uweke nakala nje ya simu. Simu huanguka majini, huibwa na huharibika, na picha za miaka mitano zinaweza kwenda nayo siku moja.

Picha ya kwanza haitakuwa na faida siku itakapopigwa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Itaonekana ni picha ya shamba kama mashamba mengine, au ufukwe kama fukwe nyingine. Faida itakuja na picha ya pili, na ya tatu. Anayeanza kabla ya masika haya atakuwa na la kulinganisha masika yajayo.