Eclipse: Mbio 18, ushindi 18, na ukoo ambao haujaisha hadi leo

ARSENAL ya Arsene Wenger ilicheza mechi 49 za Ligi Kuu England bila kupoteza, ikaja kukwama Old Trafford Oktoba 2004. Yanga nayo ikafika mechi 49 za Ligi Kuu Bara, mashabiki wameshaanza kuihesabu ya 50, Ihefu ikawatibulia kule Mbarali Novemba 2022 kwa mabao 2-1. Ndivyo michezo ilivyo. Ukishinda sana, kuna siku inakusubiri mahali.

Lakini yupo mmoja ambaye siku hiyo haikumfika. Hakuwa na jezi, wakala wala mshahara. Alikuwa na miguu minne, na mmoja wa nyuma ulikuwa mweupe kama umevalishwa soksi. Aliitwa Eclipse, farasi wa Uingereza aliyekimbia kuanzia Mei 1769 hadi Oktoba 1770. Mbio 18, ushindi 18. Alistaafu kwa sababu moja tu: hakukuwa na mtu mwenye akili timamu aliyekuwa tayari kuweka pesa dhidi yake.

SIKU JUA LILIPOPATWA

Alizaliwa Aprili 1, 1764, siku ambayo jua lilipatwa. Jina lake limetoka hapo hapo, maana Eclipse kwa Kiingereza ni kupatwa kwa jua au mwezi.

Mwenye zizi alikuwa Duke wa Cumberland, mtoto wa Mfalme George II. Huyu ni yule jenerali aliyepachikwa jina la 'Mchinjaji' baada ya vita ya Culloden, Scotland, mwaka 1746. Kwenye farasi alikuwa na jicho kali, maana zizi lake ndilo pia lililomtoa Herod, farasi mwingine aliyekuja kuwa baba wa koo kubwa. Ila Duke hakuifaidi kazi yake. Alifariki Oktoba 1765, Eclipse akiwa bado mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na farasi wake wakapigwa mnada.

Hapo akatokea William Wildman, mfanyabiashara wa mifugo na nyama wa soko la Smithfield, London. Akamchukua Eclipse kwa gini 75. Gini ilikuwa sarafu ya dhahabu ya zama hizo, thamani yake ikizidi pauni moja kidogo. Kwa hiyo farasi wa 'Mchinjaji' akaishia kwa muuza nyama.

Pesa ilikuwa imetoka, lakini raha haikuja haraka. Eclipse alikuwa mkorofi, hashikiki, na inaelezwa kwamba lilifika hadi wazo la kumhasi ili atulie. Hebu fikiria lingepita. Pengine mbio angeshinda vilevile, lakini asingeacha mtoto hata mmoja, na mchezo wa mbio za farasi tunaouona leo ungekuwa na sura nyingine kabisa. Badala yake akapewa mpandaji mwenye moyo mgumu wa kumtuliza, na akasubiriwa mpaka alipofikisha miaka mitano ndipo akaingizwa mashindanoni.

MZEE WA MKEKA

Mei 3, 1769, Epsom. Mbio za siku hizo zilikuwa balaa. Farasi walikimbia raundi moja ya maili nne, yaani zaidi ya kilomita sita, wakapumzika kidogo, kisha wakarudi kukimbia umbali ule ule tena.

Kuna hadithi inasimuliwa kwamba kabla ya siku hiyo, wapelelezi wa kamari walikwenda kuchungulia mazoezi ya Eclipse, wakachelewa. Wakamkuta bibi mmoja njiani, wakamuuliza kama ameona farasi. Bibi akawajibu kwamba ameona mmoja mwenye mguu mweupe anakimbia kama kichaa, na mwingine yuko mbali nyuma anamfukuza, na huyo wa nyuma hatampata hata wakienda mpaka mwisho wa dunia.

Siku ya mbio, Eclipse aliimaliza raundi ya kwanza kiulaini. Ndipo akasimama jamaa mmoja wa Ireland, Dennis O'Kelly. Huyu alikuwa mtoto wa mjini hasa. Alifika London mikono mitupu, akaishi kwa kamari, akafungwa jela ya Fleet kwa madeni, akatoka, akaanza upya. Akatangaza kwamba raundi ya pili atataja nafasi ya kila farasi kabla hawajakimbia. Watu wakaweka pesa, maana kutabiri mpangilio wa farasi wote ni kazi ya kubahatisha. O'Kelly akasema maneno yaliyobaki mpaka leo: Eclipse wa kwanza, wengine hawapo.

Wengi walidhani ni majigambo. Kumbe jamaa alikuwa anaijua sheria. Farasi aliyeachwa na mshindi kwa zaidi ya yadi 240, kama mita 220 hivi, hakupewa nafasi yoyote. Kwenye matokeo alihesabika kama hakuwepo. Eclipse akaondoka, akawaacha wote nyuma ya umbali huo. O'Kelly akapita kukusanya mzigo wake.

Hakuishia kwenye mkeka. Mwaka huo huo alinunua nusu ya Eclipse kwa gini 650, baadaye akalipa 1,100 kwa nusu iliyobaki. Yule wa gini 75 sasa alikuwa wa gini 1,750.

Kilichofuata kilikuwa maonyesho tu. Eclipse alishinda mashindano 11 ya zawadi za mfalme, na mara kadhaa alikimbia peke yake kwa sababu wapinzani walijitoa. Mechi kubwa ilikuwa Newmarket Aprili 1770, alipowekwa na Bucephalus, naye akiwa hajawahi kushindwa. Ilikuwa ni dabi ya wababe wawili ambao hawajaonja kipigo. Bucephalus alijaribu kumkaribia, Eclipse akaongeza mwendo, biashara ikaishia hapo.

DAMU YA ALEPPO

Kwenye soka, kipaji cha baba hakina uhakika wa kwenda kwa mtoto. Wapo watoto wa mastaa walioishia timu za mtaani. Kwenye farasi wa mbio, ukoo ndiyo biashara yenyewe, na ndiyo maana kila kizazi kimeandikwa kitabuni.

Ukoo wa Eclipse unaanzia mbali na England. Mwaka 1704, Mwingereza Thomas Darley alimpata farasi wa Kiarabu huko Aleppo, Syria, akampeleka kwao Yorkshire. Farasi huyo akajulikana kama Darley Arabian. Mwanawe akawa Bartlet's Childers, mjukuu akawa Squirt, kitukuu akawa Marske. Marske na jike aliyeitwa Spilletta ndio waliomzaa Eclipse. Kwa hiyo Eclipse ni kilembwe wa yule wa Aleppo.

Marske mwenyewe hakuwa na jina. Duke alipokufa, naye aliuzwa kwa bei ya kutupa. Mtoto alipoanza kushinda, baba akapanda thamani ghafla, wenye majike wakaanza kumtafuta.

Eclipse alipostaafu, O'Kelly alimgeuza kuwa mradi. Wenye farasi majike walilipa ili wapandwe naye, na watoto wake zaidi ya 300 walishinda mbio. Watatu walibeba Derby ya Epsom, mashindano yaliyoanza mwaka 1780: Young Eclipse mwaka 1781, Saltram mwaka 1783 na Sergeant mwaka 1784.

Ajabu ni kwamba enzi za uhai wake, Eclipse hakuwahi kuongoza orodha ya madume bora hata mwaka mmoja. Kiti hicho kilikaliwa na Herod, yule yule wa zizi la Duke, na baada yake mwanawe Highflyer. Ushindi wa Eclipse ulikuja polepole, kizazi baada ya kizazi. Mwanawe Pot-8-Os, ambaye jina lake ni utani wa neno la Kiingereza la viazi, alimzaa Waxy, bingwa wa Derby 1793. Waxy akamzaa Whalebone, bingwa wa 1810. Mstari ukaendelea hivyo mpaka kwa Northern Dancer wa Canada, mpaka kwa Secretariat, aliyeshinda Belmont Stakes ya Marekani mwaka 1973 kwa kumwacha wa pili urefu wa farasi 31, mpaka kwa Frankel wa Uingereza, aliyekimbia mbio 14 na kushinda zote 14.

Leo, ukifuata upande wa baba tu, zaidi ya asilimia 95 ya farasi wa mbio wa aina ya thoroughbred duniani wanaishia kwa Eclipse. Hata wanaokimbia uwanja wa Ngong, Nairobi, karibu wote ni watu wa nyumba moja.

KWATO ILIYOINGIA MLANGO WA MBELE

O'Kelly alitajirika, akanunua eneo la Cannons, karibu na London. Kitu kimoja tu pesa haikumnunulia. Jockey Club, chama cha mabwana wakubwa waliouendesha mchezo huo, hakikumpokea. Kwao alibaki mcheza kamari aliyepita jela, hata kama farasi wake aliwapiga farasi wao wote. Alifariki Desemba 1787 bila kuwa mwanachama.

Eclipse, miguu ikiwa imechoka, alihamishiwa Cannons ndani ya gari maalum la kukokotwa, yeye aliyezoea kuwaacha wenzake sasa akivutwa na wenzake. Alikufa kwa maumivu ya tumbo Februari 1789, akiwa na miaka 24. Mfaransa Charles Vial de Sainbel alimpasua na kumpima ili ajue siri ya kasi yake, na mwaka 1791 chuo cha mifugo kikaanzishwa London, yeye akiwa mwalimu wake mkuu wa kwanza. Mifupa ya Eclipse iko kwenye chuo hicho mpaka leo. Watafiti wa karne hii walipoipima upya, hawakukuta jitu. Walikuta farasi wa umbo la kawaida, kila kiungo kikiwa kwenye uwiano wake.

Kwato yake moja ilitengenezwa kuwa pambo lenye dhahabu. Mwaka 1832 Mfalme William IV aliitoa kama zawadi, na waliopewa ni Jockey Club, wale wale waliomfungia O'Kelly mlango.