Karakana ya Magogo Bustanini: Pesa Zianze Chini, Si Ukutani

Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis alikuwa nyumbani akitazama kipindi cha televisheni kuhusu kuenea kwa UKIMWI barani Afrika. Kipindi kilieleza kwamba redio ingeweza kufikisha elimu vijijini, ila umeme haukuwepo na betri zilikuwa ghali. Baylis aliingia karakanani mwake, palepale nyumbani katika kisiwa kidogo cha Eel Pie, kwenye Mto Thames, akaanza kufanya majaribio. Redio ya kuzungusha kwa mkono iliyotokana na kazi hiyo ilikuja kutengenezwa kiwandani Cape Town, na wasomaji wengi wa umri fulani wanaikumbuka.

Wazo lile halikusubiri kesho wala kibali cha ofisi yoyote, kwa sababu vifaa vilikuwa karibu. Ndiyo maana Waingereza wanathamini sana kibanda cha kazi nyuma ya nyumba. George Bernard Shaw, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1925, aliandikia katika kibanda cha mbao huko Ayot St Lawrence, kilichowekwa juu ya egemeo ili kiweze kuzungushwa kufuata jua. Roald Dahl naye aliandika hadithi zake za watoto katika kibanda cha bustanini kwake Great Missenden. Siku hizi bustani za Uingereza zina maseremala, mafundi baiskeli, wafinyanzi na washonaji. Kwa familia ya Kiswahili inayoishi huko, ambayo cherehani na majora ya kitambaa yameteka sebule nzima, kibanda cha namna hiyo kinaweza kuirudishia nyumba nafasi yake.

Aina inayotamaniwa zaidi ni nyumba ya magogo. Jina hilo linampa mtu picha ya miti mizima iliyolazwa juu ya miti mizima, kama wafanyavyo watu wa Skandinavia na Urusi tangu zamani. Walowezi wa Kiswidi na Kifini walivuka na ufundi huo hadi bonde la Delaware, Marekani, kuanzia mwaka 1638. Kinachouzwa leo kwa ajili ya bustani ni kitu chepesi zaidi. Ni mbao zilizopigwa randa kiwandani, kila moja ikiwa na ulimi upande wa juu na mfuo upande wa chini, zenye mapengo karibu na ncha ili ziumane kwenye kona. Nyingi ni za sprusi, mti wa jamii ya misindano unaokua polepole katika baridi ya kaskazini mwa Ulaya, na Estonia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyumba za namna hii barani humo. Mzigo hufika ukiwa umefungwa kwenye fungu moja refu. Watu wawili wenye nyundo ya mpira wanaweza kusimamisha kuta kwa siku moja au mbili.

Hapo ndipo mnunuzi anapokutana na swali ambalo wauzaji hulitanguliza: unene wa ukuta. Kuna milimita 28, kuna 44, kuna 70, na bei hupanda kadiri unene unavyopanda. Swali hilo ni la haki, ila limepewa uzito kuliko linavyostahili. Mbao ni kizuizi cha wastani tu cha baridi. Ukichukua viwango vya kawaida vya upitishaji joto wa mbao laini, kutoka ukuta wa milimita 44 hadi wa 70 unaokoa chini ya theluthi moja ya joto linalopenya ukutani. Paa la mbao za milimita 19 likitandikwa povu gumu la sentimita 5, joto linalotorokea juu hupungua hadi karibu sehemu moja ya tisa ya lilivyokuwa. Joto hupanda juu, na paa lisilo na kinga hulitoa nje kwa wingi hata kama ukuta ni mnene. Kwa karakana itakayotumika mwaka mzima, milimita 44 zinatosha kwa watu wengi. Zile 28 ni za ghala la vifaa na kazi za kiangazi. Tofauti ya bei kati ya 44 na 70 ina kazi bora zaidi mahali pengine, chini na juu.

Kuanzia chini, basi.

Msomaji wa Tanga au Kisumu akisikia jengo la mbao atauliza kwanza habari za mchwa. Uingereza swali hilo halina uzito. Mchwa waligunduliwa katika eneo la Saunton, Devon, mwaka 1994, serikali ikawaandama kwa miaka mingi, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba wametokomezwa. Adui wa mbao kule ni maji. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na sprusi si mti wenye kinga kubwa ya asili. Mbao ikikaa kavu itamzika mwenye nyumba. Ikikaa imegusa udongo mbichi itaoza ndani ya miaka michache.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni jamvi. Udongo wa juu wenye majani na mizizi huondolewa, kokoto hushindiliwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15, nailoni nene ya kuzuia unyevu hutandikwa, kisha zege la sentimita 10 humwagwa. Jamvi liwe juu kidogo ya ardhi inayolizunguka, na ukubwa wake ulingane sawasawa na msingi wa kuta. Fundi akiacha ukingo wa zege umechomoza nje, mvua itagonga ukingo huo na kurukia ubao wa chini kabisa, na maji mengine yatateleza chini yake. Kabla zege halijamwagwa, pima kutoka kona hadi kona: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, jengo limekaa mraba. Baada ya hapo pima usawa. Kona iliyozama sentimita moja itaonekana baadaye kama mlango usiofunga, na hakuna fundi wa mlango atakayeuponya ugonjwa uliomo chini ya sakafu.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba jengo hili linatembea. Mbao husinyaa zikikauka na kuvimba zikinyonya unyevu, na hufanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu hubadilika kidogo mno. Katika ukuta wa magogo mbao zote zimelala, kwa hiyo mabadiliko ya kila ubao hujumlishwa kwenda juu. Tuchukue ukuta wa mita 2. Sprusi hubadilika kwa takriban robo ya asilimia kwa kila nukta moja ya unyevu. Unyevu ukishuka kwa nukta 4 kutoka kipupwe hadi kiangazi, ukuta mzima unaweza kushuka karibu sentimita 2, na msimu ukigeuka unapanda tena.

Sentimita hizo mbili zinaamua mambo mengi. Fremu za milango na madirisha haziruhusiwi kukazwa kwa skrubu kwenye mbao za ukuta. Huachwa zielee, na juu yake hubaki pengo linalofunikwa na ubao wa urembo. Mwenye karakana akija na mihimili ya rafu akaipigilia wima kutoka chini hadi juu, amezifunga mbao zisishuke. Zile za juu zitabaki zinaning'inia, mwanya utafunguka katikati ya ukuta, na upepo wa Januari utaingia bila hodi. Mhimili wa rafu ukazwe sehemu moja, na matundu mengine yawe marefu ili skrubu iweze kuteleza. Mabomba ya nyaya za umeme nayo yaachiwe nafasi ya kucheza.

Ukubwa hautakiwi kukisiwa kwa kuangalia bustani. Upimwe kwa kazi. Seremala anaijua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Kuipasua kwa urefu kwenye msumeno wa meza kunahitaji mita 2.44 mbele ya msumeno na kiasi hichohicho nyuma yake, karibu mita 5 za nafasi tupu. Chumba cha mita 4 hakitoshi, isipokuwa msumeno ukae mkabala na mlango wa mabawa mawili ili ubao utokee nje. Mshonaji hana shida hiyo, lakini meza yake ya kukatia inahitaji kuzungukwa pande zote. Mfinyanzi atauliza kuhusu uzito wa tanuri. Sakafu za mbao za milimita 19 zinazouzwa pamoja na jengo zinabeba watu na viti. Mashine nzito zinataka mbao za milimita 28 juu ya boriti zilizosogezwa karibukaribu, au zisimame moja kwa moja juu ya zege. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini kama inawezekana, kwani huko Uingereza mwanga wa kaskazini ni tulivu na haupigi machoni.

Sheria ya England kuhusu majengo ya bustanini ni ya kiungwana kwa anayeisoma mapema. Nyumba ya kawaida ya familia inaruhusiwa kuongeza jengo lisilo na ghorofa bila kuomba kibali cha mipango, mradi lisizidi mita 2.5 kwa kimo likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani. Likikaa mbali zaidi na mpaka, paa la migongo miwili linaweza kufika mita 4. Lisikae mbele ya nyumba, na majengo yote ya nyongeza yasifunike zaidi ya nusu ya eneo linaloizunguka nyumba ya asili. Wakazi wa fleti hawana ruhusa hii, na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao. Kanuni za ujenzi nazo haziligusi jengo lisilo la kulala lenye chini ya mita za mraba 15. Kati ya 15 na 30, jengo la mbao linatakiwa liwe angalau mita 1 kutoka mpakani, kwa sababu mbao huwaka.

Zile mita 2.5 huhesabiwa kutoka ardhini, wala si kutoka sakafuni. Toa jamvi, boriti za sakafu, ubao wa sakafu na unene wa paa lenye povu, na ndani hubaki kama mita 2.2 mahali palipo juu zaidi. Mtu mrefu anayebeba mbao begani atauhisi ufupi huo. Ni hesabu ya kufanya kabla ya kuagiza, hasa kwa anayekusudia kuongeza kinga ya paa baadaye. Na anayetaka kuifanya karakana iwe duka linalopokea wateja kutwa azungumze na halmashauri na kampuni yake ya bima kwanza, kwa kuwa ruhusa hii imekusudiwa matumizi ya mwenye nyumba.

Umeme usichezewe. Waya unaokwenda bustanini uwe ule wenye vazi la chuma, uzikwe kina ambacho jembe halifiki, na kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa, kwani England inataka saketi mpya ya umeme katika nyumba na mabanda yake itolewe taarifa. Hita ya umeme ni bora kuliko ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yanayokwenda hewani kama mvuke na kutua kwenye patasi, randa na meza ya chuma ya msumeno. Asubuhi fundi hukuta kutu, akadhani paa linavuja.

Vumbi nalo linastahili hofu ya kweli. Vumbi la mbao limo katika orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na chumba kilichozibwa vizuri dhidi ya baridi hulihifadhi vizuri vilevile. Mashine ya kulivuta na barakoa ya kweli vimo ndani ya gharama ya karakana. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke, maana yakirundikwa huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka moto. Katika jengo la mbao, hilo halina mjadala.

Imebaki dawa. Mbao nyingi hufika zikiwa tupu, bila kinga yoyote. Dawa ya kuzuia kuvu na rangi inayoruhusu mbao kupumua zipakwe ndani ya wiki za mwanzo, pande zote mbili za ukuta. Milango ipakwe hata ukingo wa juu na wa chini, ambako maji huingia bila kuonekana. Baada ya hapo ni kurudia kila baada ya miaka michache, kwa muda wote jengo litakapokuwa limesimama. Asiye tayari kwa kazi hiyo anunue jengo la fremu lenye kinga katikati ya kuta zake. Litamhudumia vizuri zaidi, hata kama halina harufu ya sprusi asubuhi.

Kwa anayebaki na magogo, agizo zuri ni hili: kuta za milimita 44, povu sakafuni na paani, mlango wa mabawa mawili, na boriti za chini zilizotiwa dawa kwa shinikizo. Na kabla ya kulipa chochote, muulize muuzaji kimo kamili cha jengo kutoka ardhini, unene wa mbao za sakafu na za paa, na kama dawa imo kwenye bei. Majibu yawe kwa maandishi.